Mahakama ya Kadhi Malindi: Baraza Lililomsikiliza Mke

Katika mwambao wa Kilifi, kuanzia Takaungu mpaka Mambrui, mke Mwislamu aliyeonewa na mumewe alikuwa na mahali pa kushtaki kabla Kenya haijaitwa Kenya. Alikwenda kwa kadhi. Wako waliokwenda baada ya kufukuzwa nyumbani usiku na watoto wao, wako waliokaa miezi bila matumizi, na wako waliobeba alama za kipigo chini ya buibui. Walifika mbele ya karani, wakaeleza, maneno yao yakaandikwa, na mume akaitwa aje kujibu.

Historia ya mahakama hii huandikwa mara nyingi kama historia ya siasa: ukanda wa maili kumi, mikataba ya Sultani, ubishi wa Katiba. Hayo yote yamo, na hapa yatatajwa. Lakini taasisi hupimwa kwa watu inaowahudumia, na kwa miaka mingi Malindi imewahudumia hasa wanawake. Kwa hiyo makala haya yanaifuata historia hiyo kutoka upande wa mdai. Ukiitazama kutoka hapo, jambo moja hujitokeza wazi: Mahakama ya Kadhi ilimpa mke wa Pwani haki ya kusikilizwa na kuaminiwa mapema kuliko vyombo vingi vya dola, lakini sheria haikuipa mkono wa kumzuia anayepiga. Haki kamili ya mke aliyepigwa imebidi itafutwe kwa kadhi na kwingineko pia.

Asili: Liwali, mudiri na kadhi

Katika karne ya 19 mwambao huu ulikuwa chini ya Masultani wa Zanzibar. Malindi yenyewe, iliyokuwa imedhoofika kwa muda mrefu, ilifufuliwa katika miaka ya 1860, enzi za Sultan Majid, ikawa mji wa mashamba na biashara ya nafaka. Penye liwali palikuwa na kadhi. Liwali alishika utawala. Kadhi, mwanachuoni wa fikihi, aliamua ndoa, talaka, eda, mahari na mirathi, kwa kawaida akifuata madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo ya watu wengi wa Pwani.

Mwaka 1895 Uingereza ilitangaza himaya yake Afrika Mashariki, na kwa makubaliano na Sultan Hamed bin Thuwaini ikachukua usimamizi wa ukanda wa pwani wa maili kumi, huku enzi ya Sultani na sheria ya Kiislamu vikitambuliwa. Wakoloni hawakuivunja mahakama waliyoikuta. Waliiingiza katika mfumo wao ikawa mahakama ya chini, pamoja na zile za maliwali na za mamudiri, watawala wa chini yao, na rufaa zikapelekwa kwa majaji wa Kiingereza. Kadhi akaanza kuweka kumbukumbu za maandishi, kutoa samansi na kupokea ada kwa utaratibu wa serikali.

Bara ya ukanda huo, kwa Wagiriama na ndugu zao Wamijikenda, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Huko mashauri ya nyumba yalisikilizwa na wazee, kisha na mabaraza ya kienyeji yaliyowekwa na wakoloni. Basi tangu mwanzo katika eneo linaloitwa leo Kaunti ya Kilifi, mwanamke wa mjini Malindi na mwanamke wa Ganze hawakubisha mlango mmoja walipotafuta haki. Tofauti hiyo bado ipo, na nitairudia.

Ahadi ya 1963

Uhuru ulipokaribia, hatima ya ukanda wa maili kumi ikawa swali zito. Kulikuwa na waliotaka Mwambao ujitawale na waliotaka uungane na Kenya. Tume ya Sir James Robertson ya mwaka 1961 ilipendekeza muungano, kwa sharti kwamba haki za Waislamu zilindwe. Oktoba 1963 Waziri Mkuu wa Kenya, Jomo Kenyatta, na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, waliandikiana barua za makubaliano. Kenya iliahidi uhuru wa dini, mafundisho ya Kiarabu, kuheshimiwa kwa hati za ardhi, na kudumishwa kwa mamlaka ya Kadhi Mkuu na makadhi wengine. Ahadi hiyo iliingia katika Katiba ya uhuru.

Wanaume ndio walioketi kwenye meza zile, na waliyafikiria zaidi mambo ya dola na dini. Lakini matunda ya ahadi yao yaliwafikia watu ambao hawakuwepo mezani. Kudumu kwa mahakama ya kadhi kulimaanisha kwamba mke wa mvuvi wa Ngomeni au wa fundi wa Shela ya Malindi angeendelea kuwa na hakimu anayemwelewa kwa lugha yake, katika mji wake, kwa sheria anayoiamini.

Kifungu cha 6

Mwaka 1967 Bunge lilipitisha Sheria ya Mahakama za Kadhi, Sura ya 11 ya Sheria za Kenya. Ni sheria fupi. Watu wengi wanaoitaja hutaja kifungu cha 5, kinachoeleza mamlaka: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, kati ya Waislamu. Wachache hukitaja kifungu cha 6, ambacho kwa mke aliyepigwa ndicho chenye uzito mkubwa zaidi.

Kifungu hicho kinasema kuwa mahakama itafuata kanuni za ushahidi za Kiislamu, kisha kinaweka masharti. La kwanza ni kwamba mashahidi wote watasikilizwa bila ubaguzi wa dini, wa jinsia wala wa namna nyingine. La pili ni kwamba kila jambo litaamuliwa kwa kupima ukweli wa ushahidi, si kwa kuhesabu idadi ya mashahidi.

Tuyatafakari masharti hayo. Kipigo cha nyumbani hakina hadhira. Mlango hufungwa, watoto hulala au hujifanya wamelala, jirani husikia ukuta ukigongwa akanyamaza. Mahakama ingetaka mashahidi wawili wa kiume walioona kofi likitua, karibu kila mke angeshindwa. Sheria ya 1967 ilimruhusu kadhi kumsikiliza mwanamke mmoja, kumwamini, na kuamua kwa neno lake akiona ni kweli. Ilimruhusu pia kumsikia mama mzazi, dada, jirani, hata kama wote ni wanawake. Haya yaliandikwa wakati ambapo Kenya haikuwa na sheria yoyote iliyoitaja dhuluma ya majumbani kwa jina lake.

Ndani ya baraza

Kesi nyingi huanza kabla ya kuitwa kesi. Mwanamke huja ofisini akitaka kumwona kadhi, mara nyingi pamoja na mama yake, shangazi au kaka. Kadhi au karani humsikiliza, na pengine mume huitwa kwa barua. Hapo sulhu hutafutwa. Utaratibu huu una mizizi katika Suratun Nisaa, aya ya 35, inayotaka mke na mume waliofarakana wapelekewe mwamuzi kutoka jamaa ya kila upande. Sulhu ikishindikana, madai huandikwa rasmi na shauri huanza.

Mke anaweza kudai matumizi, anaweza kudai arudishwe nyumbani kwa masharti, au anaweza kutaka aachwe. Kwa kuachwa ziko njia tatu. Mume anaweza kutoa talaka. Mke anaweza kujikomboa kwa khului, yaani kumrudishia mume mahari au sehemu yake. Na kadhi mwenyewe anaweza kuivunja ndoa kwa faskhi, endapo mume ametelekeza, hatoi matumizi au anamdhuru mkewe.

Kati ya khului na faskhi ndipo haki ya mke aliyepigwa hupimwa. Mume katili aghalabu hukataa kutoa talaka. Humwacha mkewe akining'inia mpaka mke achoke na kununua uhuru wake. Qurani imelikataza hilo waziwazi: Suratul Baqara, aya ya 231, inakataza kuwashikilia wake kwa ajili ya kuwadhuru, na Suratun Nisaa, aya ya 19, inakataza kuwabana ili warudishe walichopewa. Kadhi anayeiona alama ya kipigo na kuvunja ndoa kwa faskhi, bila kumtoza mke hata shilingi ya mahari, anaitimiza sheria yake mwenyewe. Anayemsukuma kwenye khului ili shauri liishe haraka, humwachia mpigaji faida.

Yanayotendeka katika baraza la Malindi tunayafahamu pia kwa sababu yaliandikwa. Katikati ya miaka ya 1980 mtafiti wa Kimarekani, Susan Hirsch, aliketi katika mahakama za kadhi za Malindi na Mombasa, akasikiliza mashauri, akarekodi maneno na kusoma majalada. Kitabu chake, Pronouncing and Persevering, kilitoka 1998. Ulimwenguni wengi waliamini kwamba mahakama ya Kiislamu ni mahali ambapo mwanamke huenda kushindwa. Hirsch alikuta kinyume: wengi wa waliofungua mashauri walikuwa wanawake, na mara nyingi walipata walichokitaka.

Alionyesha pia jambo ambalo kila mtu wa Pwani analijua. Mke mwema hufunzwa avumilie, asitoe siri ya nyumba, asimwaibishe mumewe mbele za watu. Kwenda kwa kadhi ni kuuvunja mwiko huo. Mwanamke anayesimama na kueleza, mbele ya mume na karani, kwamba alipigwa kwa mshipi au alifungiwa chakula, anakuwa mtu mwingine machoni pa jamii: amekataa kunyamaza, na dola imemwandikia aliyosema. Mficha maradhi kilio humuumbua, na baraza hili liliwawezesha wengi kusema kabla ya kilio.

Masheikh na elimu yao

Mahakama hii imesimama juu ya elimu ya watu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 hadi kufa kwake 1947, aliandika kwa Kiswahili katika vijarida vyake vya Sahifa na Al-Islah, mwanzoni mwa miaka ya 1930, akihimiza watoto wa kike wasomeshwe. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyetoka Zanzibar na kuwa Kadhi Mkuu tangu 1968 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliifasiri Qurani kwa Kiswahili na kuandika juu ya ndoa na talaka kwa lugha ambayo mke wa kawaida angeweza kuisoma au kusomewa.

Kazi hii ya kalamu haikuwa jambo la pembeni. Mke asiyejua kwamba matumizi ni haki yake hawezi kuyadai. Akiambiwa na mume kwamba dini imeruhusu apigwe atakavyo, na hana kitabu wala mwalimu wa kumwonyesha vingine, atakaa. Makadhi walioandika na kufundisha kwa Kiswahili walimfungulia njia ya mahakama kabla hajafika mlangoni.

Pale mkono wa kadhi unapoishia

Heshima ya kweli kwa taasisi ni kusema pia isichoweza. Kadhi hana mamlaka ya jinai. Anaweza kuivunja ndoa ya mpigaji, hawezi kumfunga mpigaji. Kumjeruhi mtu ni kosa chini ya kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka mitano. Lakini kesi hiyo huanzia polisi na kuamuliwa na hakimu.

Pengo hilo lina hatari yake. Mke anayetoka kwa kadhi na faskhi mkononi amefunguliwa kisheria, ila usiku huohuo mume aliyekasirika anajua anakolala. Kila anayewahudumia waathiriwa anajua kwamba wakati wa kuondoka ndio wakati wa hatari kubwa. Cheti cha talaka hakimzuii mtu kuvunja mlango.

Tena, wengi waliokwenda kwa kadhi hawakupita polisi. Bila kupita polisi hapana fomu ya P3, ambayo daktari huijaza kuthibitisha majeraha. Na majeraha hupona, ushahidi nao ukapotea. Jalada la kadhi likabaki na maelezo kamili ya kipigo, na kituo cha polisi kikabaki bila hata mstari mmoja katika kitabu cha matukio. Pale ambapo polisi walifikiwa, mara nyingi mke alirudishwa: hayo ni mambo ya nyumbani, nendeni mkamalizane na wazee.

Milango mingine

Mwaka 1985 Nairobi iliandaa Mkutano wa Tatu wa Umoja wa Mataifa kuhusu Wanawake, na mwaka huohuo mawakili wanawake waliunda FIDA Kenya. Ofisi yake ya Mombasa iliwafikishia wanawake wa Pwani msaada wa wakili bila malipo. Mwaka 2001 Sheria ya Watoto ilianzisha mahakama za watoto, na mama akaweza kudai malezi na matumizi ya wanawe huko. Mwaka 2004 dawati la kwanza la jinsia la polisi lilifunguliwa katika kituo cha Kilimani, Nairobi, na utaratibu huo ukaenea nchini.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, iliyopelekwa bungeni na Njoki Ndung'u, iliondoa uhuru wa familia kuzimaliza kesi hizo mkekani: uamuzi wa kusitisha mashtaka uliwekwa mikononi mwa Mwanasheria Mkuu. Kisha ikaja Sheria ya Kinga Dhidi ya Dhuluma ya Majumbani ya 2015. Hii ndiyo iliyoziba pengo la kadhi. Inahesabu kuwa dhuluma si kipigo pekee, bali pia unyanyasaji wa kiuchumi, vitisho, uharibifu wa mali, ukatili wa kingono ndani ya ndoa, ndoa za kulazimishwa, hata bughudha za mawifi na wakwe. Inamruhusu mtu mwingine kuomba kinga kwa niaba ya mwathiriwa. Inampa mwathiriwa haki ya kuandikisha maelezo kwa afisa wa jinsia yake. Na inaipa mahakama uwezo wa kutoa amri ya kinga, ambayo kuivunja ni kosa la jinai.

Sheria hiyo haiulizi dini. Mwanamke asiye Mwislamu wa Marafa, Kaloleni au Ganze, ambaye mahakama ya kadhi haikuwa yake kamwe, ana haki sawa na wa Malindi mjini. Na mke Mwislamu hatakiwi kuchagua kati ya hizo mbili: anaweza kuwa na shauri la faskhi kwa kadhi na amri ya kinga kutoka kwa hakimu kwa wakati mmoja. Mwaka 2022 Jaji Mkuu Martha Koome alizindua mahakama maalumu ya kesi za ukatili wa kijinsia huko Shanzu, Mombasa, ng'ambo tu ya mkono wa bahari wa Mtwapa. Ilikuwa ya kwanza nchini.

Katiba ya 2010

Mwaka 2010 mahakama ya kadhi ilipita katika mtihani mkubwa. Mei mwaka huo Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 66 cha Katiba ya zamani, kilichoilinda, hakikuwa halali. Kampeni za kura ya maamuzi nazo zikaifanya mahakama hii kuwa moja ya hoja zilizobishaniwa zaidi. Tarehe 4 Agosti Wakenya walipiga kura, Katiba mpya ikapita, na mahakama ya kadhi ikabaki, sasa chini ya ibara ya 170. Makadhi huajiriwa na Tume ya Huduma ya Mahakama, na rufaa zao husikilizwa na Mahakama Kuu, Kadhi Mkuu au makadhi wawili wakiketi kama washauri.

Ibara hiyo ina sharti linalomhusu sana mke aliyedhulumiwa: pande zote lazima ziwe za Waislamu, na lazima zikubali kuhukumiwa na kadhi. Sharti hili ni upanga wenye makali mawili. Mume mkorofi anaweza kukataa ili kumchelewesha mkewe. Lakini mke naye hafungwi: akihofia hatatendewa haki, mahakama nyingine ziko wazi kwake. Hilo linaifanya mahakama ya kadhi iwe chombo kinachochaguliwa, na kinachochaguliwa hudumu kwa kuaminiwa tu.

Deni lililobaki

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wamepata kipigo tangu wafike umri wa miaka 15. Kwa hesabu hiyo, mahakama moja, hata iwe tukufu kiasi gani, haitoshi.

Mambo yanayohitajika yako ndani ya uwezo wetu. Kila mwanamke afikaye kwa karani wa kadhi aulizwe, faraghani na kwa upole: umepigwa? Uko salama usiku wa leo? Akijibu ndiyo, apewe barua ya kwenda hospitali na dawati la jinsia kabla ya kupangiwa tarehe ya sulhu. Sulhu isitafutwe hata kidogo pale ambapo mmoja anamwogopa mwenzake. Makadhi, polisi, madaktari na maafisa wa watoto wanakutana tayari katika kamati za watumiaji wa mahakama; huko suala la jalada la kadhi na jalada la polisi lifanywe ajenda ya kudumu. Na mimbari za Ijumaa, kutoka Malindi hadi Takaungu, ziseme bila kumung'unya maneno kwamba anayempiga mkewe anaidhulumu nafsi ya mtu na anaiasi dini yake.

Wewe unayesoma haya ukiwa katika hali hiyo, au unamjua dada, jirani au binti aliye ndani yake: nenda hospitali kwanza, andikisha ripoti polisi na uchukue nambari yake, dai P3, kisha nenda kwa kadhi au kwa hakimu, au kwa wote wawili. Nambari 1195 hupigwa bila malipo kutoka popote Kenya, mchana na usiku. Mama zetu waliingia katika baraza la Malindi zamani, wakati hapakuwa na sheria ya kuwalinda zaidi ya neno lao, na neno lao likapokewa. Leo sheria zipo. Tusikubali mwanamke yeyote wa Kilifi aambiwe arudi nyumbani akavumilie.